Laptopu Inayofia Usingizini

Siku nyingi sijaandika, kazi za watu zimenibana kweli. Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa laptopu ambao mafundi wengi hawaupendi, kwa sababu hautokei ukiwa unatazama. Unafunga kifuniko usiku, laptopu inalala. Asubuhi unafungua, na badala ya kukuta kazi yako pale ulipoiacha, unakuta skrini nyeusi huku feni inavuma, au mashine inaanza upya kabisa. Ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda na maji.

Mgonjwa wa safari hii ni laptopu ya dada yangu mdogo, aliye mwaka wa nne chuoni huko Eldoret. Ni mashine iliyotumika ng'ambo kabla ya kufika Nairobi, prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM GB 16. Tuliinunua kwa shilingi 38,000, pesa ambazo mama alizitoa kwenye chama. Ilikuwa ikifia usingizini mara mbili tatu kwa wiki. Mara moja ilikufa na kurasa nne za mradi wake. Baada ya hapo akawa haifungi tena: anatoka maktaba hadi hosteli akiibeba wazi mikononi kama sinia la chai. Fundi mmoja aliitazama akasema madabodi imekwisha, aleta shilingi 16,000. Dada akanipigia simu: "Kaka, nimwambie aendelee?" Nikamwambia aiweke kwenye basi inifikie kwanza.

Haya, kabla ya kushika bisibisi tuelewe kulala ni nini hasa. Kanuni za usingizi wa kompyuta zinaitwa ACPI, na toleo la kwanza lilitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Zinapanga hali kwa namba. S0 ni macho. S3 ndio usingizi tunaoujua: prosesa inazimwa, diski inazimwa, skrini inazimwa, na RAM pekee inaendelea kupewa umeme ili isisahau. S4 ni usingizi mzito: kila kilichomo kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski, kisha umeme unakatwa. S5 ni kuzima. Laptopu nyingi za siku hizi hazina S3 tena. Zina usingizi wa nusu macho ambao Windows inauita Modern Standby, jina lililokuja na Windows 10 mwaka 2015. Kama hujui yako ina upi, fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike:

powercfg /a

Ya dada ilijibu S3. Vizuri, sasa tunajua tunachokitafuta.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: inakufa lini? Kuna nyakati tatu, na kila moja ina mshukiwa wake. Ikifa inapoingia usingizini, mara nyingi ni draiva iliyokataa kuachilia kifaa chake, hasa Wi-Fi au kadi ya picha. Windows ina namba ya kosa hilo, 0x9F. Ikifa inapoamka, hata baada ya kulala dakika moja tu, shuku draiva au BIOS. Lakini ikiwa inaamka salama baada ya dakika tano na inakufa baada ya saa kadhaa, basi kitu kimeharibika humo ndani wakati imelala. Ya dada ilikuwa hii ya tatu. Alikuwa akiifunga kati ya vipindi bila shida. Iliyomuua ilikuwa ni usiku.

Betri je? Nililiangalia hilo mapema. Kila ilipokufa, betri ilikuwa bado juu ya asilimia 70. Basi si njaa. Kumbukumbu za Windows zilikuwa na Kernel-Power namba 41 kila asubuhi mbaya, lakini namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Ni kama cheti cha kifo ambacho hakitaji ugonjwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha programu na vyuma. Nilitoa diski yake nikaiweka kando, nikatia yangu ya akiba yenye Ubuntu. Sasa hakuna Windows, hakuna draiva zake, wala diski yake. Nikailaza usiku. Asubuhi, maiti. Ugonjwa uleule kwenye mfumo tofauti na diski tofauti: mshukiwa yuko kwenye vyuma au kwenye BIOS. BIOS nikaisasisha, na bado ikafa usiku wa pili.

Nikashuku RAM. Nikaendesha memtest86+ usiku kucha: hakuna kosa hata moja. Wengi huishia hapa wakaisafisha RAM jina, halafu madabodi ndiyo inayobebeshwa lawama. Lakini hebu tufikiri. Kila chembe ya RAM ni kama ndoo ndogo ya chaji, na kila ndoo inavuja. Lazima zijazwe upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Laptopu ikiwa macho, anayeagiza kujaza ni kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa. Ikilala S3, huyo naye amelala, kwa hiyo RAM inajijaza yenyewe kwa kufuata saa yake ya ndani. Memtest inapima RAM ikiwa macho. Haijawahi kuiona ikijitegemea gizani! Ni sawa na kumpima mlinzi wa usiku saa sita mchana.

Basi nikatunga mtihani wangu. Wazo ni rahisi: jaza RAM kitu unachokijua, piga alama ya kidole chake, ilaze mashine, iamshe, upige alama tena. Zikitofautiana, RAM imesahau. Kwenye Linux folda ya /dev/shm inakaa kwenye RAM, kwa hiyo kama root niliandika:

swapoff -a
dd if=/dev/urandom of=/dev/shm/mtihani bs=1M count=6000
sha256sum /dev/shm/mtihani > /root/kabla.txt
sync
rtcwake -m mem -s 7200
sha256sum -c /root/kabla.txt

Mstari wa kwanza unahakikisha hakuna kinachojificha kwenye diski. Wa tano ndio uhondo wenyewe: unailaza laptopu na kuiambia iamke yenyewe baada ya sekunde 7200, yaani saa mbili. Kabla ya hapo soma /sys/power/mem_sleep. Ikionyesha mabano kwenye neno deep, unalala S3 kweli.

Kwa dakika tano: OK. Kwa saa mbili: FAILED. Mashine iliamka, ikatabasamu, inaonekana nzima, lakini faili haikuwa ile niliyoiacha. Raundi ya pili haikuamka kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dada alikuwa akiona mambo tofauti kila asubuhi. Kosa likiangukia picha au wimbo, huoni chochote. Likiangukia moyo wa mfumo, mashine inakufa. Na kadiri inavyolala muda mrefu ndivyo nafasi ya ndoo dhaifu kumwagika inavyozidi.

Lakini bado hatujui ni RAM ipi, au kama ni tundu lake kwenye madabodi. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya GB 8, stika tofauti. Inaonekana kimoja kiliongezwa baadaye. Hapa usikisie, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilipunguza faili hadi MB 3000 ili ienee kwenye kipande kimoja, nikaendelea:

1. Kipande cha kwanza peke yake, tundu la kwanza: raundi sita za saa mbili, zote OK.
2. Kipande cha pili peke yake, tundu la pili: FAILED raundi ya pili.
3. Kipande cha pili, tundu la kwanza: FAILED raundi ya kwanza.
4. Kipande cha kwanza, tundu la pili: usiku mzima, OK.

Kosa linafuata kipande, halifuati tundu. Madabodi haina hatia. Nilishuka mtaa wa Luthuli nikapata GB 8 kwa shilingi 3,000, nikairudishia mtihani usiku tatu mfululizo kabla ya kuipakia basi la Eldoret.

Yule fundi simlaumu. Ukiwa na wateja kumi kwenye foleni, nani atakupa saa mbili za kungojea laptopu ilale, tena mara sita? Ugonjwa huu hautaki vyombo vya bei, unataka subira, na subira ndiyo kitu ambacho mwenye mashine anacho kuliko fundi. Kwa hiyo ukiambiwa madabodi imekufa, uliza: ilikufa inapolala, ikiwa imelala, au inapoamka? Asiyeweza kujibu bado hajapima.

Na kama yako ina dalili hizi na pesa ya RAM haijapatikana, usiibebe wazi kama sinia. Washa usingizi mzito wa S4 kwa kuandika powercfg /h on ukiwa msimamizi, kisha kwenye mipangilio ya umeme chagua kifuniko kikifungwa iingie huko. Kuamka kutachukua sekunde kadhaa zaidi, lakini kazi yako itakuwa imelala kwenye diski, na RAM haitaulizwa ilikumbuka nini.

Haya, kwa leo ni hayo. Hifadhini kazi zenu mapema, na tuonane siku nyingine Mola akitujalia.