Mapumziko Mafupi Mombasa: Hesabu ya Msafiri Atokaye Gusii

Chai ya Nyamira huijua Mombasa kuliko mkulima wake. Huchumwa katika mashamba ya Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi, hukaushwa viwandani, hupakiwa katika malori, na kila wiki hupigwa mnada katika mji huo wa bandari. Mawe ya Tabaka nayo, yakiisha kuchongwa tembo na vinyago, huuzwa kwa wageni katika maduka ya pwani. Lakini wako watu wengi wa Kisii na Nyamira, wakulima kwa makarani, ambao hawajapata kuiona bahari. Baadhi yao hudhani safari hiyo yataka wiki nzima. Wengine huondoka bila kupanga, wakamaliza likizo yao yote ndani ya basi.

Safari yenyewe si fupi. Kutoka Kisii mjini hadi Nairobi kwa njia ya Bomet na Narok ni kilomita mia tatu na zaidi, na toka Nairobi hadi Mombasa ni karibu mia tano nyingine. Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi. Katika miaka ya 1950 msafiri aliweza kupanda meli Kendu Bay, akavuka ghuba mpaka Kisumu, kisha akashika reli iliyofika huko mwaka 1901, akalala njiani kabla ya kunusa chumvi ya bahari. Tangu mwaka 2017 iko reli mpya toka Nairobi hadi Mombasa, na gari la moshi huitembea njia hiyo kwa muda wa saa sita hivi.

Hata hivyo, karani aachaye kazi Ijumaa jioni na kutakiwa mezani Jumatatu asubuhi, heri asiende. Atafika Mombasa Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili asubuhi, naye atakuwa amelipa nauli ya kwenda kulala. Mtu huyo pwani yake ni ziwa. Kendu Bay na Homa Bay ziko karibu, hata aweza kutoka Kisii asubuhi na kula samaki wa ziwani mchana. Ila asiingie majini ovyo, kwa kuwa ziwa lina kichocho, na mahali pengine viboko na mamba.

Safari ya Mombasa yataka siku tatu, na siku ya tatu hupatikana katika sikukuu. Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, ndiyo ifaayo zaidi kwa mtu wa Gusii. Mwaka 2024 iliangukia Jumapili, na kwa sheria Jumatatu ikawa ya mapumziko. Mwaka 2025 iliangukia Jumatatu yenyewe. Tena Oktoba ndio mwezi ambao bonasi ya chai hulipwa kwa kawaida, na mvua kubwa za pwani, ambazo huzidi mwezi wa Mei, zimekwisha kupita. Upepo wa kusi umelegea, kaskazi haijashika. Wenyeji huuita wakati huo maleleji. Juu ya bonasi kuna neno moja. Karo ya muhula wa Januari iwekwe kando kwanza, mbele ya mkewe au mumewe, kabla ya tikiti kununuliwa. Nyumba nyingi zimegombana kwa sababu ya safari iliyolipiwa kwa fedha za mtoto.

Basi msafiri hupanda basi la usiku Ijumaa, akafika Nairobi alfajiri. Gari la moshi la saa mbili asubuhi huondoka Syokimau, wala si katikati ya mji, na yampasa awe kituoni saa moja kabla, kwa kuwa mizigo hukaguliwa. Tikiti hununuliwa kwa simu siku nyingi mbele, na kitambulisho ni lazima. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la pili imekuwa shilingi 1,500 toka mwanzo wa reli hadi mwisho. Gari la mchana lina faida nyingine: hupita Tsavo kweupe, na abiria wakaao dirishani mara nyingi huwaona tembo, wekundu kwa vumbi la nchi ile.

Mchana hufika Miritini, na joto humpokea mgeni mlangoni. Mtu aliyezoea ukungu wa Keroka atadhani amefunuliwa chungu. Koti na abaki nalo begini. Jioni ile yatosha kutembea Mama Ngina, chini ya mibuyu mikubwa, na kutazama meli zikiingia Kilindini. Huenda moja ikaondoka na chai ya nyumbani kwake.

Jumapili ndiyo siku yenyewe, na mwenye kuipanga ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huwa bamvua, na maji hupwa sana yapata saa nne au saa tano asubuhi. Mwaka 2025 sikukuu ilikutana na mwezi mwandamo, hata aliyekwenda ufuo wa Bamburi asubuhi alikuta mwani na mawe mahali alipotaraji mawimbi. Siku kama hiyo asubuhi ni ya Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, na alasiri ni ya kuoga. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593; Waomani waliizingira toka Machi 1696 hata wakaitwaa Desemba 1698; Waingereza wakaifanya gereza toka 1895 hadi 1958. Leo ni jumba la makumbusho, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia.

Mtu wa mlimani asijivunie kuogelea kwake mtoni Gucha. Na asimame maji ya kiunoni, awaulize wavuvi penye mkondo, na watoto wasiachwe hata kidogo. Apandaye ngamia apatane bei kabla ya kupanda. Mitaa ya Mji wa Kale ni makazi ya watu wenye misikiti yao, basi nguo za ufuoni hazipiti humo. Mzee husalimiwa shikamoo, na picha huombwa. Asubuhi hula mahamri kwa mbaazi, usiku wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kwa siku mbili hakuna atakayeuliza habari za wimbi.

Jumatatu gari la kurudi huondoka Miritini saa mbili asubuhi. Alikosaye hatafika Kisii usiku ule, na Jumanne ofisi hufunguliwa kama kawaida.