Timu Yetu na Msimu Ujao

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ninasoma Kiswahili na Historia ili niwe mwalimu. Vilevile ni beki wa kushoto wa timu ya chuo, kazi ambayo siku hizi siitaji mbele ya wageni. Msimu uliopita tulicheza mechi 10. Tulishinda 1, tukatoka sare 2, tukafungwa 7. Tulishika mkia. Wenzetu bwenini wakatupa jina la "Wakarimu", kwa sababu kila mgeni aliyetutembelea aliondoka na pointi.

Msimu mpya unaanza baada ya wiki sita. Ofisi ya wanafunzi imetuambia wazi kwamba tukishika mkia tena, nauli ya mechi za ugenini itapewa timu ya netiboli ya wasichana, ambayo inashinda. Siwezi kusema kwamba wanatuonea.

Je, tuna matumaini gani? Kipa wetu amehitimu. Mshambuliaji wetu mwenye mbio ameahirisha masomo kwa kukosa ada. Jezi zilizobaki ni 14, na uwanja wetu una mteremko. Mvua ikinyesha, mpira wenyewe huchagua upande. Kwa upande mwingine, tumepata viungo wawili wa mwaka wa kwanza wasiochoka, na kipa mpya, kijana mrefu aliyekulia Bunia, Kongo. Mikono yake ni kama wavu.

Lakini tatizo letu kubwa halikuwa miguuni. Lilikuwa mdomoni. Katika mechi ya mwisho ya ugenini tulikuwa sare 1–1, zikiwa zimebaki dakika mbili. Krosi ilikuja juu. Kipa alipiga kelele kwa Kilugbara, lugha ambayo mimi Malur siijui vizuri. Beki wa kati, kijana wa Luweero, akapiga kelele kwa Kiganda. Mimi nilisikia kelele mbili, sikusikia neno hata moja. Nikaruka, nikaupiga mpira kwa kichwa, ukaingia katika goli letu. Njia nzima ya kurudi chuoni hakuna aliyenitazama.

Mtu atauliza kwa nini hatutumii Kiingereza. Tunakitumia darasani. Lakini mtu akishtuka hukimbilia lugha ya mama, na kipa mpya Kiingereza chake ni kidogo. Kiswahili anakijua tangu utotoni. Hata sokoni Arua, wafanyabiashara wetu na Wakongo huelewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilimwomba kocha tujifunze maneno matano tu ya uwanjani: "wangu", "toa", "kaba", "nyuma yako" na "tulia". Kocha alikubali. Nilijiona mwalimu tayari.

Beki wa kati alikataa. Alinivuta kando akaniambia kwamba bibi yake, akisikia Kiswahili redioni, huizima. Wakati wa vita vya Luweero, miaka ya 1980, lugha hiyo ilifika kwao usiku, pamoja na bunduki. "Wewe unaisoma katika vitabu," aliniambia. "Sisi ilitufikia mlangoni."

Nilinyamaza. Darasani nimejifunza kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hayo yote ningeweza kumwambia, lakini hayakuwa jibu. Sikuwahi kufikiri kwamba somo ninalolipenda linaweza kuwa jeraha la mtu ninayecheza naye bega kwa bega.

Hatukumlazimisha. Kwa wiki moja alicheza kimya. Kipa alimwita "kaka" kila mara, na baada ya mazoezi walikunywa maji katika chupa moja. Jumamosi tulicheza wenyewe kwa wenyewe. Kona ikapigwa. Kipa akaita, "Wangu!" Niliona beki wa kati akiinama, na mpira ukatua mikononi mwa kipa. Hakuna aliyeshangilia, ilikuwa mazoezi tu. Lakini jioni alinijia, akasema, "Hilo neno moja nitalitumia. Mengine bado." Nikamjibu kwamba moja linatosha, nami nikamwomba anifundishe neno lake la Kiganda. Sasa ninalijua.

Mwaka 2016 timu ya Onduparaka ya Arua ilipanda Ligi Kuu ya Uganda, na tangu hapo kila kijana wa huku anaota makubwa. Mimi siahidi kombe. Mshambuliaji hatuna, na mteremko wa uwanja uko palepale. Kundi letu lina timu 11; nikiulizwa, nitasema tutashika nafasi ya saba au ya nane. Tutafungwa bado. Lakini naamini hatutajifunga tena kwa kutosikilizana, na hilo peke yake lingetupa pointi kadhaa msimu uliopita.

Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumeanza na neno moja. Msomaji, ukipita chuoni kwetu siku ya mechi, simama kidogo nyuma ya goli letu usikilize.