Kanuni na Mpaka Wake

Kanuni ni mtumishi mwaminifu kwa mtu aujuaye mpaka wake, na ni mtego kwa mtu asiyeujua. Jambo hili nilifunzwa na logi, tena kwa aibu, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari.

Mwaka 1614 John Napier wa Uskoti alichapisha kitabu cha logi ili kuwapunguzia wanahisabati taabu ya kuzidisha tarakimu ndefu. Logi tuzitumiazo sasa hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha: logi ya 2 na logi ya 3 zikijumlishwa, hupatikana logi ya 6.

Niliupenda wepesi huo kupita kiasi. Katika mtihani wa kalkulasi tuliulizwa kiwango cha badiliko la logi asilia ya (x² + x), x ikiwa 1. Niliyavunja mabano bila kufikiri, nikaandika logi ya x² kujumlisha logi ya x. Nikapata 2/x na 1/x, jumla 3/x, jibu 3. Mwalimu alilikata kwa wino mwekundu. Nilisimama mbele ya darasa zima nikadai kuwa nimedhulumiwa.

Mwalimu hakunikaripia. Alinipa kitabu cha majedwali akasema, "Mwanangu, kitabu hiki na kiwe mwamuzi wetu. Tusomee logi ya 2, ya 3 na ya 5."

Nilisoma 0.3010 na 0.4771, jumla yake 0.7781. Kisha nikasoma logi ya 5: 0.6990. Sauti ilinikauka. Kanuni iliahidi juu ya kuzidisha tu. Mimi niliidai deni ambalo haikukopa.

Ndipo mwalimu akanionyesha njia ya haki. Kwanza, x² + x ni x mara (x + 1). Sasa pana kuzidisha, na logi hugawanyika kwa halali. Viwango vya badiliko ni 1/x na 1/(x + 1). X ikiwa 1, jumla ni 1½. Jibu langu lilikuwa mara mbili ya kweli.

Kosa hili lina ndugu yake. Logi ya x² ni mara mbili ya logi ya x, ikiwa x ni zaidi ya sifuri. Lakini logi ya x ikizidishwa kwa nafsi yake ni jambo lingine. Katika logi asilia, kiwango cha badiliko la ile ya kwanza ni 2/x. Cha hii ya pili ni 2/x mara logi ya x. Kipeo kilicho ndani ya logi si sawa na kipeo kilicho nje yake.

Niliomba radhi mbele ya wale wale niliojigamba mbele yao. Tangu siku hiyo, nikiishuku hatua yangu, huijaribu kwanza kwa namba ndogo. Msomaji kijana, fanya vivyo hivyo. Namba mbili ndogo zaweza kukuonyesha kosa ukiwa peke yako, kabla hujamlaumu aliyelisahihisha.