Dawa Iliyohamia Ndani ya Jani

Bustani ya mama ilikuwa nyuma ya jiko, Morogoro, na adui yake mkubwa alikuwa kidukari. Kunde zikianza kurefuka tu, vidukari weusi hujazana kwenye shina changa hadi shina lenyewe lisionekane, na sisimizi wanapanda na kushuka wakifuata ule utamu unaowatoka. Mama alimwaga jivu. Wakizidi, aliloweka tumbaku usiku kucha, akachuja, akatia sabuni, akanyunyiza kwa ufagio. Mvua ikinyesha, anaanza upya. Siku hizi wapo wanaosifia maji ya tumbaku eti ni ya asili. Lakini nikotini iliyomo ndani yake ni sumu kali, iwe imetoka kiwandani au shambani.

Miaka ya 1990 bwana shamba alituletea habari za dawa iitwayo dimethoate. Harufu yake ilifika barabarani. Akaeleza kwamba dawa hii haikai juu ya jani tu: mmea unainywa, inasambaa pamoja na utomvu, na mdudu akifyonza utomvu anafyonza na sumu.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi nikilila hilo jani, mwanangu?"

Bwana shamba akasema kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mama akacheka. Kunde za mboga huchumwa leo, na keshokutwa unarudi kwenye shina lilelile. Utasubiri lini?

Baadaye zikaja dawa za kundi la imidacloprid, iliyoanza kuuzwa duniani mwaka 1991. Hazikuwa na ule uvundo. Pakiti ndogo, unakoroga kidogo, unamwagia kwenye mizizi, na mche unalindwa kwa wiki kadhaa, mvua inyeshe isinyeshe. Cha kushangaza, zinamshika mdudu kwenye mishipa ya fahamu palepale inaposhika nikotini ya tumbaku ya mama. Tofauti ni kwamba jivu na vumbi ulikuwa unaviosha kwenye beseni. Kilicho ndani ya jani hakioshwi, na ushauri wetu wa miaka yote wa "osha mboga vizuri" hapo hauna kazi.

Tena sumu haiishii kwenye jani. Hufika hadi kwenye chavua na asali ya ua, na huko mlaji ni nyuki. Boga lina ua dume na ua jike mbalimbali. Bila nyuki, ua jike hudondoka pasipo tunda. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku imidacloprid na wenzake wawili mashambani mwaka 2018, kwa ajili ya nyuki.

Siko upande wa wanaotaka dawa hizi zitupwe zote. Mche wa nyanya ukivamiwa na inzi weupe, wanaweza kuuachia virusi vya kukunja majani, na ukishaambukizwa hauponi tena. Dozi moja kitaluni, tunda la kwanza likiwa bado mbali, naielewa. Mchicha unaochumwa wiki chache tu baada ya kusia sioni sababu ya kuupa dawa ya namna hii. Kwangu vidukari wa mboga za majani huondolewa kwa maji ya sabuni, na shina lililozidiwa nang'oa.

Ukienda duka la pembejeo, usiulize tu kama dawa ya wadudu ipo. Uliza ndani yake kuna kiini gani, inaruhusiwa kwa zao gani, na usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Muuzaji akishindwa kukujibu, au akitaka kukupimia kwenye chupa ya soda, nenda duka jingine.