Saa Mbili za Koboko

Tulipoanza kupima programu za simu pale Arua, logi yetu ilikuwa amri ya print, basi. Jaribio likifika kwenye kitufe linaandika "nimefika". Likishindwa linanyamaza, nasi tunakisia. Simu zote zilikuwa mezani mbele yetu, kwa hiyo hatukuona hasara.

Umeme ndio uliotubadilisha kwanza. Kabla eneo letu la West Nile halijaunganishwa na gridi ya taifa ya Uganda mwaka 2024, tulitegemea jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, wilayani Zombo, wenye megawati 3.5. Umeme ukikatika jaribio likiendelea, yote yaliyokuwa kwenye skrini yalipotea. Tukahamia moduli ya logging, iliyomo ndani ya Python tangu mwaka 2003, tukaandika kwenye faili, na kila mstari tukailazimisha kompyuta iushushe diskini papo hapo. Kasi ilipungua, lakini tulikuwa na mstari wa mwisho kabla ya giza, na huo ndio tuliouhitaji.

Pytest, iliyoendesha majaribio yetu, nayo ina desturi yake: isipoambiwa vingine, hukuonyesha logi za jaribio lililoshindwa tu. Sisi tulizitaka zote. Jaribio lililofaulu jana kwa sekunde 2 na leo kwa sekunde 40 lina la kusema.

Kisha tukapeleka simu Koboko. Programu ilikuwa ya mikopo midogo, na wateja wengi walikuwa kwenye barabara iendayo Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Kongo nayo haiko mbali. Simu zikakaa dukani kwa mama mmoja muuza vocha, zimechomekwa kwenye kompyuta ndogo, mimi nikizisoma logi nikiwa Arua. Hapo mambo yakageuka. Kwa mujibu wa simu, jaribio lilianza 10:14 likamalizika 9:16. Tuliishuku seva, tukaishuku programu, tukabadilisha hata laini. Mwishowe nikampigia mama.

"Mwanangu, hiyo kwetu ni kawaida," alisema. "Simu ikishika mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma. Mimi natazama ya ukutani."

Sudan Kusini ilirudisha majira yake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Mashariki ya Kongo ilikuwa hivyo tangu zamani. Wao wako saa mbili mbele ya UTC, Uganda tatu, na simu iliyoachwa ijipangie majira hufuata mnara ulioishika. Logging ya Python, ukiiomba muda bila kuupangia muundo, inataja tarehe na saa hadi milisekunde bila kusema ni majira ya wapi. Logi ya Android vivyo hivyo.

Mwenzetu wa Kampala alipendekeza tuzime majira ya kujipanga kwenye simu za majaribio. Nilikataa. Wateja wasingezima za kwao, na tungekuwa tunapima mji usiokuwepo.

Tukaandika kipangaji chetu wenyewe cha mistari ya logi. Kila mstari ulianza na muda wa UTC, ukafuatwa na sekunde tangu simu iwashwe, hesabu ambayo hakuna mnara unaoweza kuirudisha nyuma. Halafu saa ya simu yenyewe, jina la mtandao ulioshikwa, na jina la jaribio. Namba za wateja tulizifunika, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haichezewi, na logi husambaa kwa watu kuliko unavyodhani.

Safu ya mtandao ndiyo iliyofichua kosa ambalo hakuna jaribio lililokuwa likilitafuta. Programu ilisoma tarehe ya malipo kutoka kwenye simu. Mkopaji wa Koboko aliyelipa dakika ishirini baada ya usiku wa manane, simu yake ikiwa imeshika mnara wa ng'ambo, alihesabiwa kuwa amelipa jana, ndani ya muda, bila faini. Nilimweleza mama kwamba tumeligundua na tutalirekebisha. Alicheka sana, kisha akaniuliza tutalirekebisha lini hasa.