Posho si Mshahara: Neno Kuhusu Wanenguaji

Mjadala kuhusu wanenguaji wa bendi za dansi nchini mwetu huanzia kwenye nguo na kuishia kwenye nguo. Mheshimiwa mmoja hukemea sketi fupi, mwingine hutaka ukumbi ufungwe, kisha sote tunarudi majumbani tukiamini kwamba maadili yamelindwa. Sijapata kusikia kikao cha namna hiyo kikiuliza mnenguaji analipwa nini, na kwa makubaliano gani.

Ninauliza kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Kabla ya kuingia chuo kikuu, nilinengua kwa miaka miwili katika bendi moja mjini Tabora. Wanafunzi wangu wengi hawalijui jambo hili, nao wakilijua leo sina neno. Ilikuwa kazi, na niliifanya vizuri. Mazoezi yalianza saa nane mchana, onyesho saa nne usiku, na kulala ni baada ya adhana ya alfajiri. Tulikuwa wasichana wanne. Ilitupasa kulisikia gita la solo kabla halijachangamka, ili hatua zetu zibadilike pamoja na muziki, si nyuma yake. Aliyedhani kwamba kunengua ni kutikisa kiuno tu hakuwahi kujaribu kwa saa tano mfululizo.

Tabora si mgeni wa muziki. Ndiko walikotoka Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Wazee wa mji huzitaja bendi hizo kwa fahari, lakini majina wanayoyakumbuka ni ya waimbaji na wapiga magita. Hata baadaye, unenguaji ulipokuwa nguzo ya bendi kubwa za Dar es Salaam kama African Stars, wanenguaji waliopata jina la kudumu walihesabika kwa vidole.

Msimu wa malipo ya tumbaku ulipofika, bendi yetu ilisafiri: Urambo, Kaliua, Uvinza, hadi Kigoma na Ujiji. Msomaji anayeijua historia ataona mara moja kwamba tulikuwa tukifuata njia ya kale ya misafara, ambayo reli iliirithi ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika karne ya 19, njia hiyo ilikuwa ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mbele yao alitangulia kirangozi, manyoya kichwani, akiongoza nyimbo. Na kambini jioni, ingawa miguu ilikuwa imechoka, ngoma ilichezwa. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Mimi nilipita njia hiyo hiyo, nikicheza vilevile, nikarudi nikiitwa malaya.

Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Mpagazi alipatana ujira wake kabla ya kuuinua mzigo. Posho, yaani kibaba cha nafaka au kitambaa na shanga za kununulia chakula, ilikuwa juu ya ujira huo, ili ale akiwa njiani. Mapatano yakivunjwa, wapagazi waliketi chini na mizigo haikuondoka, au walitoroka usiku. Sisi hatukuwa na ujira wa kupatana. Tulikuwa na posho peke yake. Onyesho likiisha tuliambiwa kwamba mlangoni hapakuingia kitu, tukapewa nauli ya bajaji na fedha ya chakula. Kilichobaki tulikitafuta kwa kutunzwa na wateja, na mteja anayebandika noti kwenye paji la uso mara nyingi huamini kwamba amenunua zaidi ya kuutazama mchezo. Mwenzetu mmoja alipoteguka goti jukwaani Kaliua, tulichangishana sisi wenyewe kumrudisha kwao, na juma lililofuata nafasi yake ilikuwa imejazwa.

Wenye bendi husema kwamba mnenguaji ni msanii huru, si mwajiriwa. Lakini aliyenipangia saa za kazi, akanipa sare, akanikataza kucheza kwingine, ni nani kama si mwajiri? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inatambua viashiria vya namna hiyo kuwa dalili za ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: saa, mahali, malipo. Kifungu cha 7 kinakataza unyanyasaji. Hakuna mstari unaosema kwamba haki hizo hukoma taa za ukumbi zinapopunguzwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Afisa utamaduni anapoombwa kibali cha onyesho, pamoja na kuuliza kuhusu mavazi, aombe pia kuona hati ya makubaliano ya kila atakayepanda jukwaani. Hati hiyo itaje mshahara, kisha posho, kila kimoja kwa jina lake, na itaje ni nani atakayelipia matibabu safarini. Asiyekuwa nayo asipewe kibali. Hapo nitaamini kwamba tunayatetea maadili, maana kumtumikisha mtu usiku kucha bila ujira nako ni kuyavunja.