Kilo 58

Mama yangu ana uzito wa kilo 58. Nalijua hilo kwa kuwa nilikuwa kando yake alipopimwa hospitalini, wiki ile aliyoteleza chooni akavunjika nyonga. Aliporudi nyumbani, kumwinua kitandani, kumkalisha na kumshika akienda kutawadha kulinielekea mimi. Siku ya tatu mgongo ulinishika hata sala nikaisali kitini, nami nina miaka 47.

Ndipo nikajiunga na ukumbi wa mazoezi wa mtaani kwetu, wenye saa za wanawake asubuhi. Buibui hutundikwa mlangoni, pazia likashushwa, tukaanza. Miezi miwili ilikwenda vyema. Wa tatu nikagundua kwamba chuma kizito kupita vyote upande wetu kilikuwa cha kilo 10, nami nakichukua kama mkoba wa sokoni. Vyuma vizito vimewekwa chini, kwa wanaume. Nilipomuuliza mwenye ukumbi, alitabasamu. "Hivyo vyawatosha, mama. Nyinyi mwataka wembamba, hamtaki misuli."

Wembamba! Mimi nilikuwa na kilo 58 zikiningoja nyumbani.

Mwalimu wetu, binti mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia nishike vyuma vile vile vya kilo 10, kila mkono kimoja, niweke mguu mmoja nyuma juu ya benchi, kisha nichuchumae kwa mguu wa mbele peke yake. Nishuke kwa hesabu ya nne, nitulie chini kwa hesabu ya mbili, ndipo nipande bila kujirusha. Mara ya nane paja lilikuwa likitetemeka. Vyuma havikuongezeka hata ratili, lakini mzigo uliokuwa ukigawanywa na miguu miwili ulikuwa sasa karibu wote umeuangukia mmoja, na ule mwendo wa taratibu ulikuwa umeuondolea msuli nafasi ya kupumzika njiani.

Kanuni aliyonipa ni kuacha pale ninapohisi kwamba zimebaki mara mbili au tatu tu kabla ya kushindwa. Msuli hukua hata kwa uzani mwepesi, mradi uchoshwe kweli kweli. Kuuinua mara kumi na tano huku mnazungumza habari za harusi ya juzi si kuuchosha. (Nasema nikijua, kwani mzungumzaji mkubwa nilikuwa mimi.)

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji. Ujanja huu una mpaka wake. Nguvu ya kuinua kitu kizito haijengwi vizuri bila kuinua kitu kizito, na mifupa yetu, ambayo hupungua haraka hedhi inapokoma, nayo yahitaji kubebeshwa. Basi nikachukua shanta ya mwanangu, nikatia pakiti nne za unga za kilo 2, nikaivaa mgongoni juu ya vyuma vya mkononi. Nne zikawa sita. Siku moja pakiti ilipasuka, ukumbi mzima ukafagiwa na wanawake waliokuwa wakicheka. Nyumbani ipo mitungi ya maji, ambayo sisi tuliozoea mifereji mikavu hatuikosi. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na miwili, mmoja kila upande, ni 40. Naiinua kutoka chini kwa miguu na nyonga, mgongo umenyooka, pumzi nikiitoa ninapopanda. Mwenye presha asizuie pumzi, tena amwone daktari kwanza.

Kwa mwenye ukumbi nimerudi mara mbili kudai vyuma vya kilo 20, na nitarudi tena. Twalipa ada sawa na wanaume.

Mama naye, mtaalamu wa viungo hospitalini alimfundisha kuvuta nyayo nyuma, kuinama mbele, kisha kusukuma kwa miguu yake mwenyewe, nami nimsaidie kidogo tu. Kumbe kilo zote 58 hazikuwa zangu peke yangu. Jana alinyanyuka kitini mara tano bila mkono wangu. Alipomaliza aliitazama shanta pale mlangoni, akauliza ina pakiti ngapi sasa.

"Nane," nikamwambia.

"Nitolee moja," akasema. "Unga wa jikoni umekwisha."